Talaka Iliyotangulia Ndoa

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, usihangaike kutafuta magazeti ya nyuma, balaa zangu hazina mwanzo. Mimi ni Somoe wa Temeke. Uso wangu uliuona kwenye shuka jeupe la gari la sinema, na sauti yangu uliisikia kwenye santuri ya Kinondoni Rangers Jazz, ule wimbo wa paka wa jirani.

Wiki iliyopita niliishia mlangoni kwa ami yangu, Jumatatu asubuhi, mwaka wa hamsini na nne. Zilikuwa zimebaki siku nne niolewe na Sadallah, mpiga tarumbeta wa bendi yetu. Hodi ikapigwa, nikafungua. Alikuwa Kondo, fundi cherehani wa Keko, aliyecheza kama mume wangu katika filamu. Nyuma yake alisimama mama yake, Bi Mwanabaraka, na jamvi jipya kichwani.

"Tumekuja kumchukua mke wetu," alisema Bi Mwanabaraka.

Nikacheka. Nilidhani ni utani, maana Temeke nzima ilikuwa ikinitania kwa filamu ile. Kondo hakucheka. Alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Mke gani, mama? Ile si ilikuwa picha?"

"Picha ndiyo iliyokuoza. Kondo, mwambie."

Mama hakumngoja, akasema mwenyewe. Ijumaa iliyopita Mwalimu Mwinyikombo wa Kinondoni alikuwa akidarsisha. Akafundisha kwamba kuna mambo matatu ambayo ukiyafanya kwa kweli ni kweli, na ukiyafanya kwa mzaha ni kweli vilevile: kuoa, kuacha, na kumrejea mke. Kondo akanyoosha mkono. Akauliza, "Na mbele ya kamera je, Mwalimu?"

Wapo watu wanaopaswa kufungwa mikono kabla ya kupelekwa darsani.

Sasa nitawaeleza filamu, maana wengine mlikuwa bado hamjazaliwa. Ilikuwa ya kufundisha watu kuchimba vyoo. Bwana Kaidi anaoa. Mke anataka choo, bwana hataki, mke anang'ang'ania, bwana anampa talaka. Kisha tumbo linamkamata, anajuta, anachimba. Ndiyo hiyo tu. Serikali ilitulisha wiki nzima kwa ajili ya shimo moja.

Mzungu aliyeipiga tulimwita Bwana Pikcha. Alitaka kila kitu kiwe halisi. Kuku halisi, matope halisi, na ndoa halisi. Akamleta Mwalimu Mwinyikombo huyo huyo, akamwomba ataje majina ya kwenye hadithi, Bwana Kaidi na Bi Safi. Mwalimu akakataa. Alisema hawezi kusema uongo mbele ya umma kwa sababu ya choo. Akataja majina yetu wenyewe, na ya baba zetu, na babu zetu.

Ami yangu alikuja kula pilau ya filamu, akaambiwa akae kwenye mkeka, akawa walii wa kuniozesha. Mashahidi walikuwapo wawili, watu wazima wenye akili zao. Mahari yangu ilikuwa beseni la bati lenye maua mekundu. Kazi ilipokwisha Bwana Pikcha aliniambia nilichukue nyumbani, na nimelifulia nguo miaka miwili.

Tena ndoa ile tuliifunga mara tatu. Ya kwanza jogoo aliwika. Ya pili ami aliitazama kamera akatabasamu. Ya tatu ndiyo mliyoiona. Asubuhi moja niliolewa mara tatu na mtu mmoja, na nilirudi nyumbani nikijiona mwali.

"Kondo," nikamwambia pale mlangoni, "basi niache. Neno moja tu, kisha nenda zako ukashone."

Kondo akafungua kinywa.

"Ukimwacha," alisema mama yake, "radhi zangu huna, hapa wala mbele ya haki."

Kondo akafunga kinywa.

Msimcheke. Mtu anaweza kupoteza kazi akapata nyingine, lakini radhi ya mama ikipotea hakuna duka inakouzwa.

"Mama yangu," nikamwambia, "unanitakia nini mie? Mie naimba kwenye madansi."

"Utaacha. Nilikuona kwenye shuka unavyofagia. Mkwe anayefagia vile nimemtafuta miaka sita."

Na hapo ndipo nilipotaka kulia. Mimi sijawahi kufagia namna ile. Bwana Pikcha ndiye aliyenifundisha.

Nikampelekea Sadallah habari mazoezini. Alisikiliza mpaka mwisho, akatema mate, akajaribu kupuliza tarumbeta. Ikatoa sauti ya mbuzi. Mnajua alikuwa amepanga kila kitu: Ijumaa ndoa, Jumamosi tuingie studio, maana watu wa santuri walikuwa wanakuja kutoka Nairobi kuturekodi upya. Nilimpenda Sadallah. Nasema wazi, nilimpenda kwa ujinga wangu wote.

"Twende kwa Mwalimu," akasema. "Aliyefunga ndiye atakayefungua."

Jumatano baada ya alasiri tukakusanyika barazani kwa Mwalimu Mwinyikombo, Kinondoni. Tulikuwa mimi, ami, Sadallah, Kondo, na Bi Mwanabaraka na jamvi lake. Mwalimu alitukaribisha kahawa bila kutuangalia usoni.

"Mie siku ile nilijua ni mchezo," alianza.

"Ulikataa mchezo, Mwalimu," alisema ami. "Ulisema wewe huwezi kusema uongo."

Mwalimu akakisogeza kikombe pembeni. "Basi nilisema kweli. Walii alikuwapo?"

"Nilikuwapo," alisema ami kwa unyonge. "Nilikuja kula."

"Mashahidi?"

"Wawili."

"Mahari?"

Wote wakanitazama. "Beseni," nikasema.

"Unalo?"

"Nimeloweka nguo humo asubuhi hii."

Mwalimu akashusha pumzi. "Ndoa imetimia. Huyu ni mke wa Kondo tangu mwaka juzi."

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema Bi Mwanabaraka kwa furaha, akaanza kufungua jamvi.

Sadallah akageuza uso. Mimi nikaona Ijumaa yangu inakwenda, na kanga za doti nne nilizokwisha kununua. Hapo ami yangu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusaidia mtu, akaruka kama kakanyaga moto.

"Ngojeni kwanza. Si alimwacha?"

"Nani?"

"Kondo. Kwenye filamu. Alimwacha kwa sababu ya choo, Temeke nzima imeona. Mie nililia."

Mwalimu akainua kichwa. "Aliitamka talaka?"

"Aliitamka wazi," nikadakia. "Alininyooshea kidole, akasema, 'Nimekuacha, nenda kwenu.'"

"Basi talaka ya mzaha nayo ni talaka," alisema Mwalimu, na kwa mara ya kwanza siku ile akainywa kahawa yake.

"Aa, jamani," alilalamika Bi Mwanabaraka. "Ile ilikuwa picha tu."

"Picha ndiyo iliyonioza, mama, na picha ndiyo iliyoniacha."

"Kondo, ulimwacha mkeo bila kuniuliza?"

"Usimlaumu mwanao," alisema Mwalimu. "Miaka miwili imepita, wewe ulikuwa hujamwekea sharti. Radhi yako haiingii hapo." Kisha akanigeukia. "Sasa nijibu bila haya. Nyie wawili mliwahi kukaa faragha, ndani ya nyumba, mlango umefungwa?"

"Mwalimu, nyumba ile ilikuwa na kuta tatu. Upande wa nne ilikaa kamera. Mle ndani walikuwamo Wazungu wawili, taa sita na karani."

"Basi hata eda huna. Ijumaa unaolewa. Ila mke akiachwa kabla mume hajamgusa, nusu ya mahari inarudi."

Tukatazamana.

"Nusu ya beseni?" aliuliza ami.

"Sheria ni sheria."

"Nataka nusu yenye maua mengi," alisema Bi Mwanabaraka.

Sadallah alicheka mpaka akashika mbavu, akanikonyeza. Na mimi nilikuwa nimeanza kucheka, ndipo nikakumbuka jambo.

Ninyi mnaokaa mbele ya shuka mnadhani filamu hupigwa kama inavyoonyeshwa. Sivyo. Bwana Pikcha aliogopa mvua, na uwanja ulikuwa tayari kabla ya nyumba, kwa hiyo alianza na vipande vya uwanjani. Siku ya kwanza Kondo aliniacha. Siku ya pili akaumwa tumbo. Siku ya tatu akachimba choo. Siku ya nne ndipo aliponioa.

Talaka ilitangulia ndoa. Na talaka ya mwanamke usiyemwoa haifungui hata kifundo cha kanga, hilo hata watoto wa chuo cha Kurani wanalijua.

Nikamtazama Kondo. Kondo alikuwa ananitazama. Nilijua kwamba anajua, na yeye alijua kwamba najua. Akarudisha macho yake chini, asiseme neno.

Na mimi nikanyamaza. Hii ndiyo dhambi ninayoiungama leo mbele yenu, pamoja na wale mnaofungia maandazi gazeti hili.

"Kesho nitaandika hati," alisema Mwalimu. "Nahitaji tarehe ya ndoa na tarehe ya talaka. Nani anazo?"

"Karani Revelian," alisema ami, aliyekwisha kunogewa na kusaidia. "Yule mtu wa Bukoba aliyekuwa akiandika. Ana daftari la kila kipande, na gari lao la sinema liko Magomeni wiki hii."

Nilitamani kumziba ami mdomo kwa kashata.

Alhamisi asubuhi nilikuwa Magomeni kabla jua halijawa kali. Nilimkuta Revelian amekaa kwenye ngazi ya gari, anakunja shuka la sinema kama mashemasi wanavyokunja vitambaa vya altare. Aliwahi kukaa seminari miaka minne, na kwa upole wake ungedhani bado yumo. Nikamweleza yote.

"Dada Somoe," alisema, "mimi siwezi kusema uongo."

"Sijakuomba uongo. Nimekuomba uugue."

"Siumwi."

"Basi lipoteze daftari."

"Ni la serikali. Na nimeliandika kwa mwandiko mzuri."

Nikapiga magoti. Nilikuwa sijawahi kumpigia magoti mtu ambaye hakushika kamera. Revelian akaingiwa na huruma, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nitafanya jambo moja tu," alisema. "Nitajibu nitakachoulizwa. Sitaongeza neno."

"Inatosha, kaka yangu. Mungu akupe mke."

"Nafikiria kurudi seminari."

"Basi akupe seminari."

Alasiri tukawa barazani tena. Revelian alikaa wima na daftari mapajani. Mwalimu alikuwa na wino, karatasi na kalamu mpya. Ami alikuja na msumeno wa kukatia mabati, kwa ajili ya beseni.

"Karani," alisema Mwalimu, "tufungulie hilo daftari. Ndoa imeandikwa wapi?"

"Kipande cha pili."

"Na talaka?"

"Kipande cha kumi na nne."

Ami akapiga makofi. Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sadallah alinitazama akatabasamu, lile tabasamu lake la kabla ya kupuliza. Revelian peke yake ndiye aliyekuwa akitoka jasho, maana alijua kama nilivyojua mimi kwamba vipande hupewa namba kwa mpango wa hadithi, si kwa siku vilipopigwa. Hakusema uongo hata nukta. Tarehe zilikuwa pembeni ya ukurasa, na hakuna aliyemuuliza.

"Pili na kumi na nne," alisema Mwalimu. "Nitajie tarehe niandike."

Revelian akanitazama. Macho yake yaliniomba radhi.

"Dakika moja," alisema Mwalimu, akachovya kalamu. "Somoe, jambo hili ni lako. Una la kusema kabla sijaandika?"

Aliuliza kwa adabu tu, kama watu wanavyouliza. Ningesema sina. Ningeweza kumwambia Revelian ataje tarehe moja kwa sauti ndogo na kukohoa juu ya nyingine, nilikuwa nimeshapanga kikohozi. Lakini nikaiona kesho yangu, pilau imeiva, ngoma zinalia, mashoga wananipaka hina, na mimi ni mke wa mtu. Nilitaka kuolewa na Sadallah. Sikutaka kuzini naye kwa pilau na tarumbeta.

"Ninalo, Mwalimu," nikasema. "Talaka tuliipiga siku ya kwanza. Ndoa siku ya nne. Kondo aliniacha kabla hajanioa. Namba za karani ni za hadithi. Mwulizeni tarehe."

Revelian akasoma tarehe kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Ndivyo ilivyokuwa, siku mbili zilikaa katikati, nazo zilikaa upande mbaya.

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Talaka hiyo haipo. Somoe ni mke wa Kondo, na hakuna hati ya kuandika."

Bi Mwanabaraka akalifungua jamvi lote, akalitandika palepale, akapapasa mahali pa kukaa mkwe. "Njoo mwanangu," alinambia kwa upole, na upole wake ndio ulionitoa machozi. Nililia bila haya, mbele ya Mwalimu na msumeno.

Sadallah akainuka. Nikajifuta uso kwa ukingo wa kanga, maana nilidhani anakuja kwangu. Nilifikiri atasema atangoja, au atakwenda kwa kadhi, au hata atamrushia Kondo ngumi, ningemsamehe. Akanipita. Akaenda kwa Kondo, akamshika mkono kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa bwana mkubwa.

"Bwana Kondo," alisema, "mambo ya ndoa ni ya Mungu, sie hatuna ubishi. Ila keshokutwa wale wa santuri wanakuja kutoka Nairobi, na bendi imeshajipanga. Ungempa ruhusa mkeo aje atuimbie?"

Mkeo. Lilimtoka rahisi, kama mtu anayeomba kuazima ngazi.

Nikaacha kulia. Sikujua kwamba machozi yanaweza kukatika ghafla vile. Nikangoja kusikia Kondo atakataa au atakubali, na sikujua lipi lingeniuma zaidi.

Kondo akautoa mkono wake. Tangu Jumatatu nilikuwa sijaisikia sauti yake, na ilipotoka ilikuwa nzito kuliko ile ya kwenye filamu.

"Mwulize mwenyewe," alisema. "Sauti ni yake. Mie nilijua jana kwamba talaka ya mwanamke huyu haikusimama, nikanyamaza ili apate anachokitaka." Akanigeukia mimi. "Na ukiitaka talaka ya kweli, Somoe, nitaitamka sasa hivi mbele ya Mwalimu. Radhi ya mama nitaililia mwenyewe, siku nyingi au chache."

Bi Mwanabaraka aliacha kupapasa jamvi. Alimtazama mwanawe kana kwamba ndiye aliyeolewa.

Mwalimu akaokota kalamu yake. Sadallah akaanza kunifanyia ishara kwa kidevu, sema, sema, tumalize. Wote wakanigeukia, mpaka Revelian akafunga daftari ili asikie vizuri.

Jibu, niache, nilikuwa nalo tangu Jumatatu. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo, nimelipeleka Magomeni na kulirudisha. Nikafungua kinywa nilitoe, nikamtazama Kondo anayengoja, na halikutoka.